Makala Nyingi, Maradhi Mangapi?

Utafiti wa nchi kuhusu magonjwa ya kitropiki hupimwa kwa kuhesabu makala zilizoorodheshwa katika kanzidata kama PubMed. Kisha huangaliwa kila makala inahusu ugonjwa gani, mwandishi wake wa kwanza anatoka taasisi ipi, na imenukuliwa mara ngapi.

Hesabu hiyo huonyesha watafiti walikotazama; mahali palipo na maradhi ni jambo jingine. Ugonjwa usiopimwa hauandikiwi, na usioandikiwa hudhaniwa haupo.

Mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mjini Moshi. Waliodhaniwa na waganga kuwa na malaria walikuwa 528. Ambao homa yao ilithibitika kutokana na malaria walikuwa 14 tu. Miongoni mwa wengine kulikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu, homa ya mgunda, bruselosisi na chikungunya.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Katika hesabu ni makala moja tu, lakini uzito wake kwa mhudumu wa Bomang'ombe ni mkubwa: kipimo cha malaria kisipoonyesha vimelea, atafute chanzo kingine, aulize kuhusu mifugo na maziwa mabichi. Naye mgonjwa ayaeleze hayo bila kungoja kuulizwa.

Kwa hiyo idadi ya makala ilinganishwe na mzigo wa kila ugonjwa, na iulizwe pia: je, matokeo yamefika zahanati?