Basi la huduma: Jinsi mifumo ya biashara inavyoweza kusikizana

MWANACHAMA wa chama cha akiba na mikopo mtaani Umoja, Nairobi, analipa awamu ya mkopo wake kwa simu Ijumaa jioni na kupokea arafa ya kuthibitisha malipo. Jumatatu asubuhi, karani anampigia akimdai awamu iyo hiyo, pamoja na faini ya kuchelewa.

Huu ni mfano tu, lakini mkazi wa Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, hatauona kuwa mgeni. Si lazima pawe na mwizi. Huenda mfumo unaopokea malipo hauwasiliani na ule unaohifadhi hesabu za mikopo, na karani hulazimika kunakili takwimu kwa mkono.

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, malipo ya simu yamekuwa sehemu ya biashara za kila siku nchini. Sacco inaweza kuwa na programu ya malipo, ya mikopo, ya uhasibu, ya mishahara na ya kutuma arafa, kila moja ikiwa imenunuliwa kwa wakati wake na ikiwa na lugha yake.

Njia ya kwanza ya kuziunganisha ni kujenga kiungo baina ya kila programu na mwenzake. Programu tano zikiunganishwa hivyo zitahitaji viungo 10. Programu 10 zitahitaji 45. Moja ikibadilishwa, viungo vyake vyote huwa hatarini.

Njia ya pili ni programu ya basi la huduma, ijulikanayo kwa ufupi kama ESB, ambayo ilipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkazi wa Donholm hahitaji barabara yake binafsi ya kwenda kila mtaa; hutembea hadi kituoni na kupanda gari la wote. Vivyo hivyo, kila programu huunganishwa na basi mara moja tu.

Basi hilo hufanya kazi tatu. Hutafsiri ujumbe kutoka lugha ya programu moja hadi ya nyingine. Huuelekeza unakostahili kwenda. Na, likiandaliwa ipasavyo, huuhifadhi iwapo anayeupokea hayuko tayari. Katika mfano wetu, hata kama tarakilishi ya mikopo ingekuwa imezimwa Ijumaa hiyo, habari za malipo zingesubiri na kuingizwa pindi inapowashwa.

Hata hivyo, basi lina hatari zake. Likikwama, abiria wote hukwama, hivyo mtambo wa akiba ni wa lazima. Aidha, ujumbe unaweza kutumwa mara mbili. Dawa yake ni kukagua nambari ya kipekee ya kila muamala wa M-Pesa ili malipo yasihesabiwe tena.

Kosa jingine ni kulibebesha basi sheria zote za biashara, kama vile hesabu za riba na faini. Hapo kila badiliko dogo husubiri wataalamu wachache wanaolifahamu. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kampuni kadhaa kubwa ulimwenguni kuhamia huduma ndogo ndogo zinazojitegemea.

Isitoshe, basi hubeba majina, nambari za simu na madeni ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayeshughulikia habari hizo azilinde.

Je, kila biashara inahitaji basi? La. Fundi wa Kariobangi mwenye programu mbili tu, ya malipo na ya hesabu, anaweza kutosheka na kiungo kimoja cha moja kwa moja, mathani kupitia Daraja, huduma ambayo Safaricom huwapa waundaji wa programu ili waunganishe mifumo yao na M-Pesa.

Ila Sacco yenye mifumo mingi, kabla ya kununua chochote, haina budi kuhesabu programu zake na kuamua ni ipi yenye neno la mwisho kuhusu deni la mwanachama. Bila uamuzi huo, basi litasafirisha tu makosa kwa kasi zaidi, na anayetozwa faini atabaki kuwa yule aliyelipa Ijumaa.