Kichina Afrika Mashariki: Cheti mkononi, ulimi mzito

Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Tangu hapo Kichina kimefundishwa pia Kigali, Kampala, Dar es Salaam na Dodoma, na mwaka 2019 Uganda ilianza kukisomesha katika baadhi ya shule za sekondari. Wanaojiandikisha hutafuta ufadhili wa masomo, kazi ya ukalimani au wepesi wa biashara katika masoko ya Guangzhou na Yiwu. Hata hivyo, wengi hufika China na cheti mkononi ilhali ulimi ungali mzito, na majuto yao hufanana.

Juto kubwa ni la toni. Kichina sanifu kina toni nne, mbali na ile hafifu. Kiswahili hakina toni, hivyo aliyekulia katika lugha hii huziona kama pambo litakaloongezwa baadaye, akishajua maneno. Neno mǎi, ambalo sauti yake huzama kisha ikapanda, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka ghafla, ni kuuza. Mfanyabiashara anayeyachanganya mawili hayo amevuruga mazungumzo kabla bei haijatajwa. Na neno lililozoeleka mwaka mzima bila toni yake ni gumu kulinyoosha kuliko kujifunza neno jipya. Wasemaji wa Kinyarwanda, Kiganda au Kikuyu wana bahati ambayo mara nyingi hawaitambui: lugha zao za mama zina toni, na sikio lao limekwisha kuzoea kazi hiyo.

Pinyin nayo, yaani maandishi ya Kilatini yaliyoidhinishwa na China mwaka 1958, humpotosha anayeiamini kupita kiasi. Huona b, d na g, akazitamka kama za Kiswahili. Katika Kichina, b na p zote ni sauti sighuna. Kinachozitenganisha ni mpumuo. Wazee wa Mombasa wangelielewa somo hili upesi, kwani katika matamshi yao kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana kwa mpumuo huohuo.

Katika sarufi, kiambishi cha wakati hutafutwa mahali ambapo hakipo. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki, na wengi hukimbilia kuifanya silabi le kuwa sawa na “-li-”. Yafaa zaidi kuifikiria karibu na “-me-”, maana huonyesha tendo lililotimia au hali iliyobadilika, hata kama jambo lenyewe ni la kesho.

Herufi huahirishwa kwa hofu, jambo linaloeleweka. Lakini maneno mengi hutamkwa sawa, na bila herufi msomaji hana njia ya kuyatenganisha. Anayeandika kwa simu tu, akichagua herufi kutoka orodha, hujikuta hawezi kujaza fomu kwa kalamu.

Mtihani wenyewe una sehemu yake katika lawama. HSK ya ngazi 6, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilipima kusikiliza, kusoma na, kuanzia ngazi ya 3, kuandika. Kuzungumza kulipimwa kando, katika mtihani uitwao HSKK. Vyuo vingi vya China hudai ngazi ya 4, ambayo katika mfumo huo ilikuwa na takriban maneno 1,200, kwa masomo yanayofundishwa kwa Kichina. Mwanafunzi aweza kuivuka kwa kukariri mitihani iliyopita, kisha akaketi darasani Wuhan au Beijing akisikiliza mhadhara wa uhandisi asiambulie kitu. Hapo ufadhili wenyewe huwa hatarini, kwa sababu huendelea kwa kutegemea alama.

Kwa wafanyabiashara wa Guangzhou kuna jambo la ziada ambalo madarasa hulitaja mara chache: wenyeji wengi wa huko huzungumza Kikantoni wao kwa wao. Asiyefahamu hilo hudhani miaka yake ya masomo imepotea, ilhali akizungumza Kichina sanifu atajibiwa.