Kulifikia Ini kwa Njia ya Shingo

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5, nalo hukaa upande wa kulia wa tumbo, likikingwa na mbavu. Daktari anayetaka kipande cha tishu yake ili kichunguzwe kwa hadubini huweza kupenyeza sindano baina ya mbavu mbili na kukipata mara moja. Kwa nini basi, kwa wagonjwa wengine, aanzie safari yake shingoni?

Jibu limo katika kazi ya ini lenyewe. Protini nyingi zinazoiwezesha damu kuganda hutengenezwa humo. Ini likiharibika sana, protini hizo hupungua. Hivyo mgonjwa ambaye ini lake lahitaji kuchunguzwa aweza kuwa ndiye yule ambaye tundu dogo la sindano litamvujisha damu nyingi, tena ndani ya tumbo, mahali pasipofungika bendeji.

Mwaka 1964 Charles Dotter wa Marekani alieleza majaribio ya njia nyingine aliyoyafanya kwa mbwa. Mwaka 1973 Josef Rösch na wenzake, Dotter akiwa miongoni mwao, walieleza matumizi yake kwa binadamu.

Mgonjwa hutiwa ganzi shingoni, kwa kawaida upande wa kulia. Mrija mwembamba huingizwa katika vena kubwa ya shingo, ukashuka kwenye vena kava ya juu hadi auriko ya kulia ya moyo. Mpaka hapo hufuata mkondo wa damu. Kisha huenda kinyume cha mkondo: hupita vena kava ya chini na kuingia katika vena ya ini. Daktari huutazama mwendo huo kwenye kioo cha mashine ya eksirei. Sindano ndefu iliyomo ndani ya mrija hutoboa ukuta wa vena na kukata kipande cha ini.

Manufaa ya njia hii ni kwamba tundu hutobolewa kutoka ndani: damu ikivuja, hurudi katika vena ile ile. Aidha, mrija huo huo hupima shinikizo la damu katika vena za ini. Tofauti ya vipimo viwili vinavyochukuliwa humo, ambayo kwa mtu mzima wa afya haizidi milimita 5 za zebaki, huonyesha jinsi damu inavyozuiliwa kupita katika ini.

Hata hivyo, mrija waweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa muda, na sindano ikitoboa utando wa nje wa ini, damu humwagikia tumboni. Kwa hiyo njia fupi hutumiwa kwa mgonjwa ambaye damu yake huganda vyema. Njia ndefu huwekewa yule ambaye ufupi wa njia ungeweza kumgharimu maisha.