Mnyoo Anayengoja Steroidi

Mtu alihama Afrika Mashariki miaka 20 iliyopita, makazi yake sasa ni Ulaya. Tumbo linamsokota, anaharisha damu, nguo zinampwaya. Kamera inaingizwa kwenye utumbo mpana, vidonda vinaonekana, daktari anaandika: kolaitisi ya vidonda, maradhi ya kinga ya mwili kuushambulia utumbo wake wenyewe. Anaanzishiwa steroidi, pengine prednisoloni.

Iwapo mharibifu ni mnyoo aitwaye Strongyloides stercoralis, dawa hiyo inaweza kumuua.

Mnyoo huyu, mwenye urefu wa milimita 2 hivi, huingia kupitia ngozi ya mguu peku uliokanyaga udongo wenye kinyesi. Hupitia mapafuni, hupanda kooni, humezwa, hutulia kwenye utumbo mwembamba. Mpaka hapo hana tofauti kubwa na mnyoo wa safura. Lakini wa safura huishi miaka michache, na usipokanyaga udongo mwingine mchafu ukoo wake unakwisha. Huyu hapana: baadhi ya watoto wake hukomaa mumo humo tumboni, hutoboa utumbo na kuanza safari upya. Wanajeshi waliotekwa na Wajapani na kujengeshwa reli ya Thailand na Burma katika Vita Kuu ya Pili walikutwa naye zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kinga ya mwili ndiyo humbana asizidi. Steroidi zikiilegeza, minyoo huzaana bila kipimo na kusambaa mapafuni hata ubongoni, wakiburuta bakteria wa utumbo hadi kwenye damu.

Kumtambua kunawezekana. Kolaitisi ya vidonda kwa kawaida huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda bila kuruka. Mnyoo mara nyingi huharibu zaidi upande wa kulia, huku sehemu ya mwisho ikibaki salama, na kinyama kilichokatwa kwa uchunguzi hujaa eosinofili, seli nyeupe za damu ambazo minyoo huziamsha. Kipimo kimoja cha choo humkosa mara nyingi. Cha kingamwili kwenye damu humnasa zaidi. Eosinofili za damu nazo hupungua steroidi zikishaanza: dawa inamfutia mwizi nyayo.

Albendazoli inayogawiwa mashuleni haimwezi sana. Inayomweza ni ivermektini, dawa iliyowapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wapo madaktari wanaoitoa kabla ya steroidi, bila kungoja majibu ya maabara, kwa mgonjwa aliyekulia nchi kama zetu. Aliyetoka misitu ya Kongo huulizwa kwanza kuhusu mnyoo wa jicho, Loa loa, kwani akiwa naye kwa wingi damuni, ivermektini nayo yaweza kumdhuru ubongo.