Makaa Yanayowaka Kando Yetu Tayari

Nimefanya kazi kwenye tanuru la klinka upande wa Athi River, nikiishi Kitengela kama wenzangu wengi wa viwanda vya saruji. Makaa ya mawe yalitufikia kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, mengi yakiwa yamechimbwa Afrika Kusini. Yalisagwa yakawa laini kama unga, yakapulizwa tanurini, yakawaka. Mawe ya chokaa huhitaji joto la nyuzi 1,450 hivi ili yageuke klinka, ambayo husagwa kuwa saruji.

Kwa hiyo nikisikia habari za “makaa safi” ya kuzalisha stima sizipuuzi, maana zina ukweli ndani yake. Mtambo wa kizamani hugeuza kama theluthi moja tu ya joto la makaa kuwa umeme. Mitambo ya kisasa kabisa, ambayo mvuke wake una joto na shinikizo kubwa zaidi, hufikia karibu asilimia 45. Vumbi hunaswa na vichujio. Moshi wa salfa, ule unaobana vifua, huoshwa kwa tope la chokaa, jiwe lile lile ambalo kaunti yetu ya Kajiado imejaliwa, na kinachobaki ni jasi. Hayo yanawezekana. Nimeona anga ya kiwanda siku kichujio kimetoboka, na nimeiona baada ya kutengenezwa. Ni kama mahali pawili.

Kaboni ndiyo inayotushinda. Uniti moja ya stima ya makaa hutoa takriban kilo moja ya hewa ya ukaa kwenye mtambo wa zamani, na robo tatu ya kilo hivi kwenye ule bora. Ipo njia ya kuikamata hewa hiyo na kuizika chini ya ardhi. Kanada walianza mwaka wa 2014 kwenye mtambo wa Boundary Dam. Lakini kazi hiyo yenyewe hula umeme mwingi, na pesa pia. Mradi wa Kemper, jimbo la Mississippi nchini Marekani, ulimeza zaidi ya dola bilioni 7, na mwaka wa 2017 wenyewe wakaachana na makaa wakabaki na gesi asilia.

Sisi Wakenya nusura tuingie kwenye stima ya makaa. Kwasasi, kaunti ya Lamu, palipangwa mtambo wa megawati 1,050. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni yake, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakati huo Kenya nzima, saa ya matumizi makubwa kabisa, haikufikisha megawati 2,000. Mtambo mmoja ungebeba zaidi ya nusu ya hitaji letu, na mkataba ungetulazimu kulipa hata pale umeme wake usipotumika. Tungezima nini ili tuupishe? Mvuke wa jotoardhi wa Olkaria?

Kwa nchi kama India au Afrika Kusini, ambako stima nyingi hutoka kwa makaa, mtambo safi zaidi ni hatua mbele. Kwetu ingekuwa kurudi nyuma. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwa jotoardhi, maji, upepo na jua. Kajiado yenyewe ina mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, megawati 100, tangu 2021, na vilima vya Ngong vilianza kuzalisha mwaka wa 1993. Upepo hutulia, ni kweli. Mvuke wa Olkaria hautulii.

Usafi wa makaa tuudai pale yanapowaka tayari, kwenye matanuru yetu ya saruji. Humo kuna tatizo ambalo hata upepo hauwezi kuliondoa: zaidi ya nusu ya kaboni ya saruji hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa. Ungebadilisha moto wote, bado jiwe lingetoa hewa ile. Teknolojia ya kukamata kaboni ikishuka bei, nataka ifungwe kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji kabla ya mahali pengine popote.

Kwa sasa dawa iliyo karibu ni kupunguza klinka. Saruji ya kawaida, ya daraja la nguvu la 32.5, huchanganywa na pozolana, jiwe la volkano ambalo halihitaji kuchomwa tanurini, nayo yatosha kwa plasta na kujengea ukuta. Mafundi wa Kitengela, ile ya 42.5, yenye nguvu zaidi, iwekeni kwa nguzo na slabu.