Paka Kando ya Kinanda: Joto, Usikivu na Istilahi

1.0 Utangulizi
Mwanamuziki anayerekodi nyumbani kwa kinanda cha umeme mara nyingi hupata mwenzi asiyealikwa, yaani paka. Vyombo vikishawashwa, paka huja akajilaza juu ya amplifaya, ubavuni mwa inveta, au juu ya vibonye vyenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini huja, husikia nini, na ahifadhiwe vipi. Mfano wetu ni nyumba za Butembo na milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini.

2.0 Joto
Butembo iko karibu kabisa na ikweta, lakini imeinuka zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku wake ni wa baridi. Baridi hiyo humgusa paka kuliko tunavyodhani. Mwili wake hukaa bila kutumia nguvu za ziada kujipasha moto pale tu hewa inapokuwa kati ya nyuzi za Selsiasi 30 na 38 hivi. Chombo cha umeme hutoa joto, naye hulifuata.

Joto hilo lilikuwa tatizo kwa mafundi wa zamani. Vinanda vya aina hii alivyoanza kuviunda Robert Moog mwaka 1964 vilipotoka katika sauti yake kadiri vilivyopata moto, hivyo wapigaji walilazimika kuviwasha mapema ili vitulie. Tena, kwa miaka mingi Butembo haikuwa na umeme wa gridi. Watu walitegemea jenereta na nguvu za jua. Pale ambapo saa za umeme ni chache, mwanamuziki na paka hukitaka chombo kilekile kwa wakati uleule.

3.0 Usikivu
Binadamu husikia mitetemo kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Paka hufika takribani hezi 85,000, yaani oktavu mbili juu yetu. Rekodi ya dijiti yenye sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba sauti inayozidi hezi 22,050. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya masafa ayasikiayo paka haimo kabisa katika muziki wetu. Kwa upande mwingine, vifaa vya kugeuza umeme huweza kutoa mlio mwembamba tusioupata sisi, lakini yeye akaupata. Chumba tunachokiita kimya huenda kwake si kimya.

Je, anaupenda muziki wetu? Mwaka 2015, Charles Snowdon na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba paka walivutiwa zaidi na muziki uliotungwa kwa kufuata masafa na mwendo wa sauti za paka kuliko muziki wa binadamu. Basi akikaa kando ya kinanda, tusiharakishe kumwita msikilizaji.

4.0 Tahadhari
Kutokana na hayo, mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, mlango uachwe wazi ili paka aweze kuikimbia sauti kubwa. Pili, nyaya za volti 220 zifichwe, hasa akiwepo mtoto wa paka apendaye kutafuna. Tatu, vibonye vifunikwe kwa kitambaa baada ya kazi, maana manyoya na vumbi hupenya ndani. Na atandikiwe gunia au blanketi lake mahali pa joto. Hata hivyo, kumfukuza kabisa si busara. Panya naye hutafuna nyaya, na wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala.

5.0 Istilahi na Hitimisho
Neno kinanda limebeba mzigo mkubwa. Pwani limetumika kwa gambusi, ambayo ni ala ya nyuzi. Kisha likachukua piano na ogani. Halitofautishi ala inayopiga sauti yake ya asili na ile inayoiunda sauti kwa umeme. Kwa kuwa wanabiolojia wetu wameshazoea usanisi na usanisinuru, tunapendekeza kinanda sanisi. Butembo, ambako Kiswahili kinaishi pamoja na Kinande, Kilingala na Kifaransa, hitaji hili ni kubwa zaidi, kwa sababu neno la Kifaransa li tayari kinywani. Paka hahitaji istilahi. Amekwisha kukitambua chombo kwa joto lake. Sisi ndio tunaopaswa kukitaja kwa jina.