Jina la Mama na Safari ya Meli

Wengi hudhani kwamba safari ya meli ya kitalii huanza pale nanga inapong'olewa. Mimi nimejifunza kwamba huanza miezi mingi kabla, sandukuni mwa mama mzazi, miongoni mwa karatasi zilizofifia wino.

Tuliazimia, watu 5 wa nyumba moja, kuabiri meli bandarini Durban, Afrika Kusini, na kuzuru pwani ya Msumbiji. Kuingia Afrika Kusini hakukunitia wasiwasi, kwani tangu Januari 2023 Mkenya huruhusiwa bila visa kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho ni jambo jepesi: huanza kutambuliwa siku 10 baada ya mtu kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, si miaka 10 kama hapo awali. Watoto pia, ambao ni lazima kila mmoja awe na pasipoti yake, hawakutusumbua mno (ila yule mdogo, aliyekataa katakata kuitazama kamera).

Kizingiti kilikuwa mama. Cheti chake cha kuzaliwa chasema Mwanaisha. Kitambulisho chasema Mwanahisa, naye maskini hana hisa popote. Karani wa zamani aliandika alivyosikia, na mama, asiyejua kusoma, akatia kidole gumba na kwenda zake. Katika afisi moja niliambiwa, bila hata kutazamwa usoni, kwamba hao ni watu wawili. Tukala kiapo mbele ya wakili, tukalipa, tukarudi, tukaambiwa tungoje.

Nashikilia kwamba huu ni uonevu. Kosa ni la mwenye kalamu, lakini gharama na fedheha humwangukia mwenye jina. Na bandarini hakuna muhali: jina la tiketi lisipolandana na la pasipoti, abiria huenda akaachwa gatini. Nami, kwa pupa yangu, nilikuwa nimekwisha kulipia tiketi zote kabla ya kushika pasipoti hata moja. Hilo simlaumu karani.

Pasipoti ya mama ilitoka zikiwa zimesalia siku 12, ikiwa na jina lile lile la kitambulisho. Nilipomsomea, aliinua uso akaniuliza, "Mwanahisa wa nini, mwanangu?"